Neno Jekundu Lililobaki Lubumbashi

Kamati ya Uongozi ya Mutuelle Tusindikizane, iliyokutana katika kikao chake cha kawaida na kujadili jambo hili kwa kina, inawajulisha wanachama wake wote wa Lubumbashi, wa Kipushi na wa njia yote iendayo Kilwa ya ziwani kwamba, kuanzia mwaka huu, hakuna mwanachama atakayelazimika tena kusafiri ili kupeleka habari ya kifo. Habari itasafiri yenyewe. Itafika ikiwa kamili, na picha yake, na msalaba wake, na cachet, yaani muhuri wa mutuelle, na itakuwa ya kweli popote itakapofunguliwa.

Mwenyekiti, Monsieur Gauthier, aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama, katika ukumbi wa parokia, amevaa tai. Kisha akayasoma tena, maana mara ya kwanza kipaza sauti kilikuwa hakijawashwa. Wanachama walipiga makofi mara zote mbili.

Aliyetakiwa kuifanya habari isafiri yenyewe alikuwa ameketi mstari wa nyuma, karibu na mlango, akihesabiwa katika hotuba kama "idara yetu ya informatique". Idara hiyo ilikuwa Régine, meza, kompyuta, na betri ya gari iliyoilisha kompyuta kila umeme ulipokatika. Régine alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye tabia ya kusoma kila kitu hadi mwisho, hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya chumvi. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo, akalelewa mtaa wa Katuba na babu yake. Aliajiriwa na mutuelle kwa sababu alijua Java, lugha ya kuandikia programu, na kwa sababu babu yake alikuwa mwanachama tangu chama kilipoanzishwa na hajawahi kukigharimu kitu kwa kufa.

Mutuelle Tusindikizane ni chama cha kuzikana. Mwanachama akifariki, chama kinaleta viti, turubai, jeneza, na watu wa kuchimba. Jambo gumu siku zote lilikuwa kuwapata ndugu wa mbali. Zamani alitumwa mtu, akapanda lori la samaki linalorudi tupu, akaenda hadi Kasomeno, katikati ya njia, hadi Kilwa, akafika amechakaa, akakaa chini, akaomba maji, na baada ya maji akasema. Alipokuwa akirudi na ndugu, mara nyingi marehemu alikuwa amekwisha kuzikwa, na ugomvi wa kwanza wa kilio ukawa huo.

Kazi aliyopewa Régine, ukiivua nguo zake za Kifaransa, ni rahisi kuieleza. Kwenye seva kuna kiolezo: tangazo la kifo lililoandikwa mapema na kuachwa matundu. Familia inasikitika kutangaza kifo cha, halafu tundu. Aliyezaliwa, tundu. Atazikwa, tundu. Programu ya Java inachukua jina na picha ya mwanachama, inayajaza matundu, na kumpa aliyeomba ukurasa uliokamilika. Lakini ukurasa wa kawaida unasomwa ukiwa bado kwa mwenyewe, kama televisheni ya jirani inayotazamwa dirishani. Mtandao ukikatika, jirani amefunga dirisha. Na njia ya Kilwa mtandao huja kama mgeni wa heshima, kwa nadra na bila kukaa. Kwa hiyo Régine akaiagiza seva iiambie kila simu: hii si ya kutazama hapa, ni ya kupakua na kuweka. Ikatoka faili ndogo ya HTML, ambayo simu yoyote inaifungua, na ambayo mtu anaweza kumrushia mwenzake kwa Bluetooth sokoni bila mtandao na bila ruhusa ya mtu.

Ili faili isifike huko ikiwa uchi, alitia kila kitu ndani yake: mpaka mweusi, msalaba, cachet, hata picha ya marehemu, iliyogeuzwa kuwa mlolongo wa herufi ambao binadamu hawezi kuusoma lakini simu inauelewa. Kwa ajili ya Mounira, katibu wa mutuelle, ambaye wazee wake walitoka Maniema na ni Waislamu, alitia sharti: marehemu akiwa Mwislamu, msalaba usitoke. Mounira alilijaribu sharti hilo kwa makini kuliko kitu kingine chochote, akaridhika.

Kitu kimoja tu kilibaki nje. Wakati wa majaribio, juu ya kila tangazo lililala neno ESSAI, yaani jaribio, jekundu, la mshazari, kubwa kuliko jina la marehemu. Neno hilo Régine hakulitia ndani ya faili. Lilikuwa picha iliyokaa kwenye seva, na faili ililiita kutoka huko kila ilipofunguliwa. Alifikiri hivi: neno hili si sehemu ya tangazo, siku ya uzinduzi nitalifuta mahali pamoja, na litatoweka kote. Ilikuwa hoja nzuri. Vitabu vyote vya kazi hiyo vinaisifu.

Kiolezo, hata hivyo, hakiwezi kujaribiwa kikiwa na matundu. Lazima mtu afe.

Kwanza alibuni jina. Lakini Lubumbashi hakuna jina la kubuni. Kuna jina la mtu ambaye hujakutana naye bado. Monsieur Gauthier aliliangalia, akasema ni la shemeji yake, na shemeji alikuwa anapasuliwa wiki hiyo. La pili likawa la fundi wa viti vya mutuelle. Akaandika X. Mwenyekiti akasema X hana ubatizo, na kiolezo kilikuwa na msalaba. Kumtumia mtu aliyekwisha kufa hakukutajwa hata kwa mzaha: aliyeondoka haitwi tena ili kupima kama mlango unafunguka.

Alibaki mtu mmoja duniani ambaye Régine angeweza kumwua bila dhambi.

Kwetu mjukuu na babu ni watani. Babu, ambaye huku tunamwita kambo, humwita mjukuu wake wa kike "bibi yangu", na bibi Lubumbashi ni mke. Mjukuu humwita "bwana yangu", na ana haki ya kumwuliza atakufa lini na baiskeli atamwachia nani. Mtoto wake wa kumzaa akithubutu kuuliza hivyo, ni laana. Mjukuu akiuliza, ni adabu.

Kambo Anaclet Katongo alikuwa amefanya kazi ya kufunga breki kwenye treni za shaba hadi alipostaafu. Kazi ilimwachia kofia, mapafu yaliyolia kama mlango usiotiwa mafuta, na mkono wa kushoto uliokosa pingili mbili za kidole cha kati, zilizobaki kati ya mabehewa mawili. Katika watoto wa mama yake walikuwa wamebaki wawili: yeye, na mdogo wake wa kike, Chileshe, aliyekaa Kilwa.

"Bwana yangu," Régine alimwambia, "nataka ufwe kidogo, juu ya kazi."

"Kidogo namna gani?"

"Paka mu ordinateur," yaani ndani ya kompyuta tu.

Mzee alizima redio, heshima ambayo hakumfanyia hata padri. "Na mule mu ordinateur, banakulaka?"

"Hapana. Kuko photo na msalaba."

"Kama ni photo, nitachagula mie mwenyewe. Wewe utaweka ile yenye ninasinzia."

Alichagua ile ya siku ya kustaafu, amevaa kofia, anaiangalia kamera kama mtu anayeidai kitambulisho. Kisha akaamuru maneno. "Andika 'kiisha ugonjwa mufupi'. Ugonjwa murefu unachokesha bantu, na kiisha banaanza kuuliza ni nani aliroga."

"Miaka?"

"Weka ya kweli. Kule Mungu anafanyaka vérification." Akakohoa, akacheka, akakohoa tena. "Lakini Chileshe asione hii kintu. Yule hajue mchezo, tangu tulikuwa batoto. Na iko na tension ya damu. Atakufwa juu ya kifo yangu, na mie nitabaki hapa na haya."

"Chileshe iko Kilwa, kambo. Ataona wapi?"

Mzee akaiwasha redio.

Mounira alikuwa na binamu, Shafi, mnunuzi wa samaki wa njia ile, mtu wa kupenda vitu vipya. Mounira alimpakulia faili kwenye simu yake pale ofisini, aone jinsi mutuelle ilivyoendelea. Mtandao ulikuwepo, faili ilifunguka na ESSAI yake, nyekundu, ikimkata Kambo kutoka kofia hadi kidevu. Shafi aliiona, akauliza ni nini, akaelezwa, akaelewa. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake.

Siku iliyofuata alikuwa Kasomeno, barazani mwa duka, pamoja na wafanyabiashara wenzake waliokuwa wakingoja mvua ipungue.

"Réseau hakuna, si ndiyo?" Shafi alisema. "Angalieni simu zenu. Hakuna. Sasa muone."

Akabonyeza, na tangazo likafunguka, safi, bila mtandao wowote. Hakuna aliyestaajabia ufundi. Walikuwa wanaitazama picha.

"Ee," alisema mama mmoja mwuza unga, "si huyu ni kaka ya mama Chileshe wa Kilwa?"

"Njo yeye mwenyewe. Wa ku reli."

"Alikufwa lini?"

Shafi alikuwa anatafuta neno jekundu. Aliigeuza simu huku na huku, akaongeza mwangaza, akafunga na kufungua tena. Kofia ilikuwepo, msalaba ulikuwepo, cachet ilikuwepo.

"Jana ilikuwa na essai," alisema. "Kubwa, nyekundu."

"Na leo?"

"Leo essai imetoka."

"Imetoka namna gani?"

Shafi alifikiri. "Banaitoshaka, banaifuta, wakati jambo linakuwa la kweli."

Maelezo hayo yaliwaridhisha wote. Ni watu waliokaa muda mrefu na kizuizi cha barabara kilichowekwa kwa majaribio, na ushuru wa majaribio, na chifu wa majaribio; wote waliona neno hilo likififia siku hadi siku bila mtu kuja kutangaza kwamba limeondolewa. Shafi mwenyewe alianza kuhesabu: jana mzee alikuwa wa kujaribu, usiku ni mrefu, mapafu yake yanajulikana. Mama wa unga aliomba arushiwe faili. Dereva wa lori lililokuwa linakwenda Kilwa aliomba pia, kwani alimfahamu Chileshe na aliona ni aibu kupita mlangoni pake akiwa kimya.

Baadaye Shafi, ambaye hakuwa mtu asiye na utu, alipanda kile kilima cha nyuma ya misheni ambako mtandao hufika, akampigia Mounira.

Mounira alimsikiliza, akaweka simu mezani. Ng'ambo ya meza Régine alikuwa anakula karanga.

"Régine. Kambo yako aliamuka namna gani leo?"

"Alikuwa anagombana na redio. Juu ya nini unauliza?"

"Shafi anasema pole."

Régine aliacha karanga. Hakuuliza pole ya nini. Alichukua simu yake, akazima mtandao, akaifungua faili aliyoitengeneza mwenyewe. Kwa wiki nyingi alikuwa ameifungua ofisini tu, palipo na mtandao wa kulileta neno jekundu. Sasa alitazama tangazo la kifo cha babu yake. Lilikuwa zuri. Halikukosa kitu.

Alijaribu kupiga Kilwa mpaka betri ya simu ikalalamika. Kilwa haikupatikana. Aliyepatikana, kesho yake, ni Shafi, tena kutoka kilimani, na habari ya mwendesha pikipiki aliyetoka Kilwa: lori limefika huko, mama Chileshe ameoneshwa picha, amenyoa kichwa, na amepanda lori hilo hilo la samaki kuja kumzika kaka yake, yeye na wamama wa parokia, na magunia ya unga, na chisense kavu, dagaa wa kule ziwani. Simu ni ya dereva tu, na njia haina mtandao. Wako njiani.

Monsieur Gauthier aliitisha kikao cha dharura, yaani yeye, Mounira na Régine. "Tutatoa démenti, kanusho rasmi," alisema. "Kwa kiolezo kile kile, juu ya heshima ya mutuelle. Hatuwezi kuonekana tuna karatasi ya huku na karatasi ya kule."

"Président, kile kiolezo kina msalaba na mpaka mweusi," Régine alisema.

"Msalaba haujawahi kuharibu karatasi."

Basi ikatoka faili ya pili, na mpaka, na msalaba, na kofia, na cachet: Familia inafurahi kutangaza kwamba Bwana Anaclet Katongo hajafa. Shafi aliipokea kilimani, akashuka nayo, akaisambaza kwa bidii ya mtu anayetubu. Aliporudi kilimani, ripoti yake ilikuwa fupi.

"Benye kujua kusoma banasema iko muzima. Benye habajue banasema karatasi ya pili imefika, basi ni kweli kabisa. Na benye kusoma sana banauliza: muntu muzima, cachet ya nini?"

Siwezi kuwalaumu hao wa mwisho. Hapa kwetu, jambo likikanushwa rasmi, mtu mwenye akili huanza kufunga mizigo.

Jioni Régine alimweleza Kambo yote, akiwa amesimama. Alikuwa ametayarisha maneno ya utani, kwamba bwana yake amekuwa mtu mashuhuri hadi ziwani. Hakupata mahali pa kuyaweka. Mzee hakucheka.

"Chileshe iko wapi sasa?"

"Mu njia. Mu camion ya samaki."

"Na mvua?"

"Iko."

Kambo aliinuka, akaenda kutoa kofia yake kwenye msumari.

"Kambo, docteur alikataza baridi. Nitaenda mie. Nitamukuta Kasomeno, nitamwambia."

"Utamwambia nini? Wewe njo uliandika kama nilikufwa. Batakuuliza shahidi mwingine."

"Nitamuonesha photo yako ya leo."

"Photo alikwisha kuona. Photo njo ilimunyoa." Alikuwa anatafuta soksi. "Chileshe anaamini macho yake. Hata padri akisoma Injili, yule anamuangaliaka padri viatu. Bibi yangu, nikibaki hapa, yule mwanamuke atafika na kichwa kitupu na moyo umekwisha kupasuka, na atanikuta ninasikiliza redio. Hapana. Docteur alikatazia muntu muzima. Mie niko na karatasi mbili."

Régine angeweza kukataa. Alikuwa na sauti, na funguo za nyumba. Lakini mtu aliyekosea mara moja kwa hoja nzuri huogopa hoja zake zote, hata zile za kweli. Alimvika babu yake sweta mbili, na koti la mvua la reli juu yake, na alfajiri wakapanda lori la kurudi tupu. Kambo aliwekwa mbele na dereva. Régine alikaa nyuma, kati ya makreti yaliyonuka samaki wa safari zote, akiitazama kofia kupitia kioo kidogo.

Njia ilikuwa ilivyo wakati wa mvua. Mahali pawili walizama. Mara ya kwanza abiria walishuka na mzee akaambiwa abaki ndani. Mara ya pili lori liliegemea upande, dereva akasema hata mzee ashuke, kwa usalama. Kambo akasimama kando ya njia, katika mvua, mikono nyuma, akiwaelekeza wanaosukuma kama alivyowaelekeza watu wa mabehewa. Walimsikiliza. Alikuwa na sauti ya kazi hiyo bado. Lori lilipotoka, alikuwa amelowa hadi sweta ya pili, na alikuwa na furaha ambayo Régine hakuwahi kuiona nyumbani.

Kasomeno walifika mchana. Lori la Kilwa lilikuwa limetangulia, na lilikuwa limevunjika ekseli. Kwa hiyo wamama wa Kilwa, kwa kuwa kilio hakingoji fundi, walikuwa wametandika mikeka barazani mwa mama wa unga na kuanza. Nyimbo zilisikika tangu njia panda. Wanaume walikuwa nje, wamewasha moto chini ya bati, kama inavyopasa. Shafi alikuwa kati yao, anatazama miguu yake.

Kambo alishuka upande wa dereva, taratibu, kofia kichwani. Nyimbo ziliisha, lakini hazikuisha pamoja: mwimbaji mmoja mwenye macho mabovu aliendelea peke yake mpaka mwisho wa mstari.

Chileshe alikuwa katikati ya mkeka, mwembamba, kichwa kikiwa cheupe kwa kunyolewa. Hakusimama. "Wewe ni nani?" aliuliza.

"Marehemu," Kambo alisema.

Hakuna aliyecheka. Chileshe alinyoosha mkono, na Kambo akaelewa, akampa wa kushoto. Dada akavipapasa vidole kimoja kimoja hadi cha kati, akakishika pale kinapokatikia, akakaa nacho. Régine, nyuma ya makreti, alikuwa anautazama uso wa Chileshe kuliko kitu kingine chochote, maana kama moyo wa mama huyo ungekatika, ungekatika sasa.

Haukukatika. "Wewe," Chileshe alisema hatimaye, "hata kufwa ulishindwa kujua."

"Nilifundishwa vibaya. Mwalimu ni huyu." Akamwonesha Régine kwa kidevu.

"Nilinyoa kichwa."

"Nywele itaota."

"Ku miaka yangu?"

"Basi itaota pole pole. Mie nitangoja."

Hapo tu ndipo wamama walipoanza kulia upya, kwa sababu nyingine, na wanaume wakaanza kumtania mzee kutoka kwenye moto: alipita mpaka gani kurudi, na huko alikotoka wanakula bukari, ugali wetu, au mkate. Kambo alijibu wote. Alitaka kujua nyimbo zilizoimbwa, akaomba mojawapo irudiwe, akasema ubeti wa pili ulimpunguzia sifa. Chakula cha msiba kilikwisha kupikwa, na chakula cha msiba hakirudishwi guniani, ilibidi kiliwe. Kambo alikula chisense katika kilio chake mwenyewe, ameketi na dada yake, koti la reli likivuja maji polepole juu ya mkeka. Régine aliambiwa akae nao. Chileshe alimpa sahani bila kumtazama, kisha akamwongezea samaki.

Mvua ilikula daraja dogo la upande wa Lubumbashi, na ekseli ya upande wa Kilwa ilikuwa bado. Walibaki hapo wote. Kikohozi cha Kambo kilianza kama kile cha siku zote, halafu kikabadilika. Mwuguzi wa kituo cha afya alimwekea sikio mgongoni, akasema mapafu, akampa alichokuwa nacho. Dawa nyingine ilikuwepo Lubumbashi. Régine alipanda kilima cha nyuma ya misheni, Mounira akaitafuta akaipata siku hiyo hiyo, akaituma na pikipiki. Pikipiki ikafika ng'ambo ya daraja, ikaishia hapo.

Kambo alilala barazani kwa mama wa unga, kichwa kikielekea kwa Chileshe. Alimpapasa kichwa mara kwa mara, kwa ule mkono. "Inaanza kuota," alisema. "Ninasikia."

"Nitanyoa tena?" Chileshe aliuliza.

"Hapana. Bakia hivi. Usijichokeshe mara mbili."

Ugonjwa ulikuwa mfupi, kama alivyoagiza. Chileshe hakulia, alisema alikwisha kulia Kilwa na njia nzima, na hana mwingine wa kulilia katika tumbo la mama yao. Moyo wake, wanavyosema wanaomfahamu, uko vizuri.

Régine alirudi kazini. Aliichukua picha ya neno ESSAI kutoka kwenye seva, akaigeuza herufi kama alivyozigeuza picha nyingine, akaitia ndani ya kiolezo, ndani kabisa, mahali ambapo haitegemei mtandao wala mtu. Haikumchukua muda mrefu. Jina la kujaribia hakuna aliyelitoa tena, wala hakuomba. Siku hizi akijaribu anaacha tundu kama lilivyo, na seva inampakulia faili inayosema kwamba familia inasikitika kutangaza kifo cha, aliyezaliwa, atazikwa. Mounira humkuta akiitazama, na humwekea karanga mezani.

Katika mkutano mkuu wa mwisho wa mwaka, Monsieur Gauthier alisoma ripoti ya kamati, kipaza sauti kikiwa kimewashwa. Alisema huduma mpya inafanya kazi ipasavyo, kwamba matangazo yanafika hadi Kilwa bila mwanachama yeyote kusafiri, na kwamba yanafunguka hata pasipo mtandao. Wanachama walipiga makofi.

Anaclet Katongo alizikwa Kasomeno. Tangazo la kifo chake halikutolewa: ndugu zake wote walikuwa wamekwisha kufika, na unga ulikuwa bado haujaisha.